Paris kwa Basi, Kufuata Kinyoya

Nimeandika haya kutoka kwenye daftari dogo la mfukoni, risiti zilizobaki, na picha za simu ambazo nusu yake ni za migongo ya watu waliosimama mbele yangu. Tulikwenda watu wawili, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyetoka Mombasa kuja kututembelea hapa Brussels. Kisa cha safari ni badminton, mchezo wa kupiga kinyoya kwa raketi juu ya wavu, ya wanaume wawili wawili kwenye Olimpiki ya Paris ya 2024. Shemeji ameicheza tangu utotoni, na mwaka 2021 aliitazama fainali ya Tokyo kwenye simu akiwa dukani, wateja wakimsubiri. Tangu hapo hana habari na mchezo wa mmoja mmoja.

Julai 31, Jumatano. Brussels hadi La Courneuve

Basi lilitakiwa kuondoka saa mbili asubuhi. Saa tatu na nusu tulikuwa bado tumekalia mabegi yetu kando ya barabara, na aliyetueleza kinachoendelea ni dereva wa basi jingine kabisa: letu lilikuwa linatokea Ujerumani na limenasa kwenye foleni. Kampuni yenyewe haikututumia hata ujumbe. Shemeji akasema hata matatu za Lunga Lunga zina adabu kuliko hivi. Nauli ilikuwa yuro 23 kwa kichwa, na treni ya kasi nilikuwa nimeikuta zaidi ya 100, kwa hiyo tukanyamaza.

Njiani hakuna cha kusimulia ila ukaguzi. Polisi wa Ufaransa waliingia, wakapitia pasipoti kiti kwa kiti, na kwa shemeji wakakaa kidogo. Alikuwa na bima, barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi, vyote vimechapishwa kwenye karatasi. Dakika mbili, wakamtakia safari njema. Kijana mmoja aliyekuwa na vyake kwenye simu isiyo na chaji alishushwa kwa mahojiano na akatuchelewesha tena. Ukisafiri kwa viza ya Schengen, beba karatasi. Ada yenyewe, kwa wanaouliza: shemeji aliomba Mei akalipa yuro 80, kuanzia Juni 11 ikapanda kuwa 90.

Tulishukia kituo cha Bercy Seine, chini ya bustani, joto la Paris likitusubiri mlangoni. Hapa ndipo utakapokutana na bei za Olimpiki kwa mara ya kwanza. Tiketi moja ya metro, ambayo kawaida ilikuwa yuro 2.15, ilipandishwa hadi 4 kuanzia Julai 20. Pasi ya siku moja ilikuwa yuro 16, ya siku saba 70. Tulichukua ya siku saba, na ilijilipa kabla ya Jumapili. Wenyeji walitucheka, wao walinunua tiketi za bei ya zamani mapema wakaziweka kwenye kadi.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa Kikomori, mtu wa Ngazija, anayeishi La Courneuve, mwisho wa laini namba 7. Tulielekezwa kwake na rafiki wa rafiki. Chumba yuro 40 kwa usiku, sisi wawili, wakati hoteli za karibu sikuthubutu hata kuuliza mara ya pili. Yeye anasema Kikomori, sisi Kiswahili, na mezani mazungumzo yakaenda bila mkalimani. Mkewe alikuwa ametuwekea wali, samaki wa nazi na kachumbari ya pilipili kali. Shemeji alikula akasahau kwamba anadai hawezi kula usiku.

Agosti 1, Alhamisi. Robo fainali

Kutoka La Courneuve: laini 7 hadi Porte de la Villette, halafu tramu ya T3b hadi Porte de la Chapelle. Wengi walikuwa wanang'ang'ania laini 12, wanabanana kama dagaa. Tramu ilikuwa na nafasi za kukaa.

Porte de la Chapelle ni mtaa ambao Waparisi wengi walikuwa wanaupita wakiwa wamefunga vioo. Kwa miaka umesikika kwa mahema ya wahamiaji na dawa za kulevya. Sasa kuna ukumbi mpya wa watu wapatao elfu nane, uliofunguliwa Februari 2024, na ndio ukumbi pekee wa michezo hii uliojengwa upya ndani ya jiji lenyewe. Una jina la kampuni ya viatu, lakini kwa sheria za wadhamini wa Olimpiki jina hilo halikutumika wakati wa michezo. Viti vimetengenezwa kwa plastiki iliyotumika. Ukikitazama kwa karibu unaona vipande vya rangi mbalimbali vilivyogandamana, kama sakafu ya nyumba za zamani. Askari walikuwa kila kona. Wale waliokuwa wanalala pale kabla, sijui walipelekwa wapi, na hakuna niliyemuuliza aliyetaka kujibu.

Mambo ya mlangoni. Tiketi zilikuwa za simu tu, ndani ya programu maalumu, na zote mbili zilikuwa kwenye simu ya shemeji iliyokuwa na chaji asilimia 9 baada ya kupiga picha kila jengo. Wagawieni wenzenu tiketi, kila mmoja awe na yake. Begi liwe dogo. Ndani tulilipa kwa kadi ya Visa au taslimu, kadi nyingine hazikukubaliwa. Nilimwona bwana mmoja akirudisha soda yake kwa huzuni. Kikombe kilikuwa na amana ya yuro 2, ulirudishiwa ukikirudisha, japo wengi waliondoka nacho kama kumbukumbu.

Tiketi za chini kabisa za Olimpiki hii zilikuwa yuro 24, na zetu za leo hazikuwa mbali sana na hapo. Tulikaa juu. Kwa mchezo wa wawili wawili, juu ndiko kwenyewe. Ukiwa chini unaona smashi, lile pigo kali la kukishusha kinyoya, na jasho. Ukiwa juu unaona jinsi wawili wanavyohama. Wakishambulia, mmoja yuko nyuma anapiga, mwingine yuko mbele karibu na wavu. Wakishambuliwa, wanatawanyika ubavu kwa ubavu. Mabadiliko hayo yanatokea mara tano, sita, ndani ya pointi moja, bila mtu kumwambia mwenzake neno. Anayeanzisha huficha mkono mgongoni na kumwonyesha mwenzake vidole, kumpa habari ya kile anachotaka kufanya. Kinyoya chenyewe kina uzito wa gramu tano hivi, manyoya kumi na sita ya bata bukini, na upepo wa kiyoyozi unatosha kukipeleka nje. Ndiyo maana ukumbini kulikuwa na joto na hakuna aliyelalamika, ila mimi.

Mechi niliyoijia ilikuwa ya Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty wa India dhidi ya Aaron Chia na Soh Wooi Yik wa Malaysia. Wahindi hawa walikuwa na dhahabu ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022 na ya Michezo ya Asia ya Hangzhou. Satwik ndiye mwenye rekodi ya smashi ya kilomita 565 kwa saa, iliyopimwa mwaka 2023. Nusu ya ukumbi ilikuwa yao.

Pembeni yetu alikaa mama mmoja mwenye sari ya kijani, na mwanawe, wametoka Leicester. Alitusikia tukibishana, akageuka. "Nyinyi watu wa wapi?" Kiswahili safi, chenye vumbi kidogo. Alizaliwa Jinja, familia ikatimuliwa Uganda mwaka 1972 akiwa msichana. Akafungua chombo, akatoa chapati nyembamba za viungo na achari ya embe, na akampa shemeji betri ya kuchajia simu bila kuombwa. "Kula, baba, kelele zinataka nguvu."

Kelele zilihitajika. India ilichukua seti ya kwanza 21-13, na mama akawa anatugawia chapati kama mwenye harusi. Halafu Wamalaysia wakaacha kuinua kinyoya juu. Kila kitu kikawa kifupi, chini, usoni. Ukimnyima Satwik kinyoya cha juu, hiyo rekodi yake inabaki kwenye makaratasi. 21-14, 21-16, na India ikawa imekwisha. Chirag alibaki amesimama akiangalia chini. Mama wa Jinja alifunika chombo chake polepole, akasema, "Basi. Mungu hakutaka," kisha akamgombeza mwanawe kwa kutopiga makofi kwa washindi.

Betri yake alikataa kuichukua mpaka simu ijae. Tulisimama nje ya lango zaidi ya nusu saa tukiongea habari za Jinja.

Agosti 2, Ijumaa. Bila tiketi

Asubuhi tulilala. Mchana tulikwenda kuswali na mzee, kisha tukashuka Parc de la Villette, ambako nchi mbalimbali zilikuwa na mabanda yao na kuingia ni bure kwa mengi. Taiwan walikuwa na lao, na hatukuhitaji kuuliza nusu fainali inaendaje, ilitosha kusikiliza.

Lee Yang na Wang Chi-lin wa Taiwan waliwatoa Wadenishi Kim Astrup na Anders Skaarup Rasmussen. Upande wa pili Liang Weikeng na Wang Chang wa China, namba moja duniani, wakawatoa wale Wamalaysia wetu. Shemeji alikuwa anachanganya Wang na Wang siku nzima, mwisho tukakubaliana kumwita mmoja Wang Smashi.

Siku hiyo pia ukumbini kulitokea jambo lililozungumzwa kuliko matokeo. Watazamaji waliokuwa na vitambaa na mabango yenye neno "Taiwan" walinyang'anywa. Kwenye Olimpiki timu hii inaitwa Chinese Taipei, ina bendera yake maalumu, na bendera ya Taiwan hairuhusiwi ndani. Kwenye banda pale La Villette kijana mmoja alituonyesha video kwenye simu yake, akairudia mara kadhaa, huku akitumwagia chai ya maziwa yenye vipira vya muhogo. Hakutudai hata senti.

Usiku sebuleni kwa mzee tulikuwa na runinga moja na mambo mawili. Kwanza, mita 10,000: Joshua Cheptegei wa Uganda akashinda kwa 26:43.14, rekodi mpya ya Olimpiki, na mzee akasimama kana kwamba Kampala iko Moroni. Pili, badminton ya mchanganyiko, mwanamume na mwanamke upande mmoja: Huang Yaqiong wa China alipokea dhahabu, na hapo hapo Liu Yuchen akapiga goti akamvisha pete. Liu huyu ni mtu wa wawili wawili wanaume. Ndiye aliyepoteza fainali ya Tokyo mbele ya Lee na Wang, na Paris alitolewa kwenye makundi. Mke wa mzee akasema angalau yeye hataondoka mikono mitupu.

Shida yetu ilikuwa nyingine. Tulikuwa na tiketi moja tu ya fainali. Kulikuwa na jukwaa rasmi la kuuziana tiketi, bei ileile ya mwanzo pamoja na ada, na tiketi zilitokea humo kama samaki: zinaonekana, zinapotea. Msiguse wanaouza barabarani wala kwenye makundi ya WhatsApp. Tiketi ilihamia kwenye programu kwa jina, na picha ya skrini haikufungua lango.

Agosti 3, Jumamosi. Tumezingirwa na baiskeli

Tulitaka kununua vyakula Château Rouge, tukasahau kwamba siku hiyo mbio za baiskeli za wanaume zinapanda Montmartre mara tatu. Barabara zilifungwa kwa vizuizi vya chuma, na mita mia mbili za kuvuka zikawa saa moja na robo za kusimama. Tulikula mahindi ya kuchoma yanayouzwa kwenye vitoroli vya dukani mlangoni mwa metro, laini kuliko yetu na matamu kupita kiasi. Baiskeli zikapita kwa sekunde chache. Jioni Ufaransa ilishinda judo ya timu dhidi ya Japani na mtaa mzima wa La Courneuve ukapiga honi.

Saa tano usiku, nikiwa nimeshakata tamaa, tiketi ya pili ikatokea. Iliuma: mara kadhaa ya ile ya robo fainali. Na viti vyetu vikawa pembe mbili tofauti za ukumbi.

Agosti 4, Jumapili. Fainali

Tulifika mapema na kukuta watu wakizungumza kwa sauti ya msibani. Asubuhi Carolina Marín wa Hispania alikuwa anaongoza nusu fainali yake, goti likamsaliti, akatoka akilia. Wengi waliokuwapo asubuhi walikuwa bado hawajakaa sawa. Huko kwingine jijini Djokovic na Alcaraz walikuwa na fainali yao ya tenisi, na nadhani ndiyo iliyosababisha tramu iwe tupu.

Shaba kwanza. Chia na Soh dhidi ya Wadenishi. Malaysia haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote, na mashabiki wao wanabeba jambo hilo mabegani kama gunia. Walipoteza seti ya kwanza 16-21. Ya pili wakaipata kwa 22-20, ya tatu 21-19. Shaba ya pili mfululizo, baada ya ile ya Tokyo. Binti aliyekaa mbele yangu na bendera yenye mistari alilia, akajifuta kwa bendera hiyohiyo, akaniomba nimpige picha.

Sasa fainali. Liang na Wang Chang ni vijana, na walikuwa wanapewa nafasi kubwa. Lee Yang na Wang Chi-lin walikuwa mabingwa watetezi, lakini baada ya Tokyo walikuwa wamepitia misimu ya kuyumba, na Lee alikuwa anakaribia kustaafu. Hakukuwa na jozi ya wanaume iliyowahi kutetea dhahabu hii tangu badminton iingie Olimpiki mwaka 1992 kule Barcelona.

Nilimwahidi shemeji kwamba nitamtazama Lee Yang peke yake, kwa sababu yeye hudai kwamba watu wote wanamtazama mpiga smashi na mchezo unaamuliwa kwingine. Nikafanya hivyo karibu seti nzima. Anaanzisha kwa upande wa nyuma wa raketi, amekishika kinyoya kwa ncha za vidole kwenye manyoya, anakisukuma tu, kinapita juu ya wavu kwa upana wa kidole. Halafu hatua moja mbele, raketi imeshainuliwa usawa wa uso, kabla mpinzani hajapiga. Hapigi kwa nguvu. Anazuia, anageuza, anakirudisha chini miguuni mwa mtu, mpaka mpinzani analazimika kukiinua. Kikiinuka, Wang Chi-lin anatoka nyuma na ukumbi unasikia mlio. Watu wanashangilia mlio. Shemeji kutoka pembe yake ya mbali alikuwa ananitumia ujumbe: "Umeona? Umeona mwenye kazi?"

21-17 kwa Lee na Wang. Ya pili 21-18 kwa Wachina, ambao walianza kumpita Lee kwa pembeni badala ya kupigana naye pale wavuni. Ya tatu sitaisimulia pointi kwa pointi, kwa sababu daftari langu hapo lina mikwaruzo tu. Nakumbuka kelele mbili kwa lugha moja, upande huu na upande ule, zikipigwa kwa zamu mpaka mwamuzi akaomba utulivu. Mtu wa mbele yangu alisimama kwenye pointi ya mwisho, kwa hiyo niliiona kwenye skrini kubwa kama mliobaki nyumbani. 21-19.

Kwenye jukwaa la medali ikapandishwa bendera ya Chinese Taipei, na ukapigwa wimbo unaoruhusiwa, si wimbo wa taifa. Waliokuwa karibu nami waliuimba kwa maneno yao yote. Mzee mmoja aliimba amefumba macho, mkono kifuani, kitambaa chake kikiwa kimekunjwa ndani ya koti mahali ambapo askari hawakukitafuta.

Nilimpata shemeji nje kwenye kituo cha tramu, sauti imekauka, amekwisha fanya urafiki na familia ya Wachina iliyokuwa na huzuni na ilimnunulia maji. Lee Yang aliaga mchezo mwezi uliofuata, kwenye mashindano ya nyumbani kwao Taipei.

Agosti 5, Jumatatu. Kurudi

Mke wa mzee alitufungia mkate wa sinia kwenye karatasi ya aluminiamu na akakataa pesa ya ziada. Basi liliondoka kwa wakati, jambo lililomshangaza shemeji kuliko fainali. Njiani simu zikatuletea picha ya He Bingjiao wa China, aliyekuwa mpinzani wa Marín kwenye ile nusu fainali, akiwa kwenye jukwaa la fedha, ameshika beji ya Hispania kwa ajili ya Marín. Abiria wa Kihispania wa kiti cha nyuma akaomba kuiona, kisha akaizungusha basi zima.

Hesabu kwa mtu mmoja, bila tiketi za michezo: basi kwenda na kurudi yuro 46, pasi ya usafiri 70, nusu ya chumba kwa siku tano 100. Chakula kilikuwa kidogo sana kwa sababu ya huruma za watu. Nilitumia chini ya 60, nyingi zikiwa kahawa na maji.

Kwa anayetaka kuuona mchezo huu: mashindano ya dunia ya badminton ya 2025 yalifanyika ukumbi huohuo wa Porte de la Chapelle, mwezi Agosti, na safari hiyo metro haikuwa na bei ya Olimpiki. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026 imeiondoa badminton kwenye orodha, kwa hiyo msiiwekee matumaini. Tiketi za siku za mwanzo huwa nafuu, na ndizo zenye mechi nyingi za wawili wawili. Kaeni viti vya juu.